Wakimbizi wa Nyarugusu nao ni watu wa Jumuiya

Mhariri,

Likitajwa soko la pamoja la Afrika Mashariki, sisi wa Arusha huwa tunaonyeshwa Namanga. Na kweli pamebadilika. Unashuka kwenye Noah, unavuka hadi jengo la upande wa Kenya, ofisa wa kwetu anakugongea muhuri wa kutoka, na humohumo ndani Mkenya anakugongea wa kuingia. Zamani ulipanga foleni mara mbili. Kituo hicho kilizinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kenyatta Desemba 2018, na wafanyabiashara wanajua kilivyowapunguzia usumbufu (mtandao usipogoma).

Lakini hayo ni ya mwenye pasipoti. Mimi nauliza habari za aliyekimbia kwao usiku bila hata kitambulisho.

Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini hapahapa Arusha Novemba 30, 1999, unasema katika ibara ya 124 kwamba nchi wanachama zitaweka utaratibu wa pamoja wa kushughulikia wakimbizi. Miaka kumi baadaye ikaja Itifaki ya Soko la Pamoja. Ikaeleza kwa kirefu raia wa nchi wanachama wataingiaje, watakaaje na watafanyaje kazi kwa majirani. Ilipofika kwa wakimbizi ikasema mambo yao yataongozwa na mikataba ya kimataifa. Kila nchi ikabaki na sheria yake. Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi na ruhusa ya kufanya kazi. Sisi humweka kambini Kigoma, na kutoka nje ni kwa kibali.

Hapo ndipo kuna kioja. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo. Mwaka 2022 Kongo ikajiunga na Jumuiya. Kijana wa Kikongo aliyezaliwa kambini akawa raia wa nchi mwanachama bila kuvuka hata mto, na geti likabaki vilevile. Kwa Warundi ni hivyohivyo, tena wao nchi yao imo tangu 2007. Mrundi mwenye pasipoti anaingia kwa kupitia Kabanga, anafika hadi soko la Kilombero hapa mjini, ananunua mzigo wake na kurudi. Jirani yake wa kijiji kimoja, aliyefukuzwa kwa risasi, haruhusiwi kwenda gulio la karibu. Aliyeumia zaidi ndiye mwenye haki kidogo.

Kenya wamejaribu. Sheria yao ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya kuacha kwa hiari hadhi ya ukimbizi ili anufaike na haki za soko la pamoja. Ni hatua, ila bei yake ni kubwa: upate kibali cha kuuza nyanya, uvue ulinzi uliokuleta. Nani atakubali, wakati waliomfukuza bado wako madarakani?

Najua wapo watakaosema tumebeba vya kutosha, na sitawabishia. Aprili 1994 karibu Wanyarwanda robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24. Miti ilikatwa, visima vikazidiwa, na Desemba 1996 serikali ikaamuru warudi kwao. Mzigo ule ulikuwa wa Ngara. Ndiyo maana nashangaa sera ya pamoja ikisemwa kuwa ni huruma kwa wageni tu, wakati wa kwanza kunufaika ni watu wa Ngara, Kasulu na Kibondo.

Ila tusiige Ulaya. Kwa utaratibu wao wa Dublin, kwa kawaida nchi ya kwanza mkimbizi kukanyaga ndiyo inayombeba, na Ugiriki na Italia zikaelemewa hadi mwaka 2024 wenzao walipopitisha sheria mpya za kugawana wajibu. Kwetu Ugiriki ingekuwa Kigoma. Na hatuhitaji kwenda mbali: Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 kuhusu wakimbizi unasema nchi iliyoelemewa iombe wenzake wapokee sehemu ya mzigo. Tuliliandika hilo miaka mingi kabla ya Dublin, tukalifungia kabatini.

Bunge la Afrika Mashariki lina makao yake hapa mjini. Lilete muswada wenye mambo mawili: mkimbizi aliyetambuliwa na nchi moja ya Jumuiya atambuliwe na zote, na anayetoka nchi mwanachama apewe kibali cha kazi bila kuvuliwa ulinzi wake. Fedha za kusaidia wilaya zinazopokea zichangwe na nchi zote nane. Wabunge wetu tisa watuambie ni nani kati yao yuko tayari kuuwasilisha.

Msomaji wako,
Sakina, Arusha