Kwa Mama Salim, kuhusu kigugumizi cha mtoto

Shoga yangu Mama Salim,

Salamu kutoka Tanga, sisi wazima. Barua yako nimeisoma usiku, na asubuhi nikairudia. Unaniuliza umekosea wapi hata mwanao, juzi tu alikuwa msemaji wa nyumba nzima, leo akwame kwenye "ma-ma-ma-mama".

Hujakosea popote. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua mama mkwe keshasema ni kule kutekenywa na wajomba zake, na jirani naye kashikilia kuwa alishtuliwa na mbwa. Kigugumizi cha watoto wengi huanza kati ya miaka 2 na 5, wakati maneno yanamjia mtoto kwa wingi na sentensi zinarefuka. Umri huo tukio la kusingiziwa halikosekani: kaanguka, kaogopa, kapata mdogo wake.

Asili yake kubwa imo katika maumbile. Umemsahau ba'mkubwa wake, anayegonga meza ndipo neno litoke? Kigugumizi hutembea katika ukoo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, walioanza kwa kuchunguza familia za Pakistan, walitangaza jeni tatu (vile vinasaba anavyorithi mtoto) zinazohusika nacho, ingawa hizo zinaeleza sehemu ndogo tu ya wenye kigugumizi. Picha za ubongo nazo zinaonyesha tofauti katika njia zinazounganisha sehemu za kupanga maneno na za kuyatamka, hasa upande wa kushoto. Neno mtoto analijua. Kinachoyumba ni wakati wa kulitoa. Ndiyo maana mwenye kigugumizi akiimba kaswida mara nyingi hakwami. Akili yake haina kasoro, wala Kidigo cha bibi yake hakijamchanganya. Na asije mtu na wembe kumkata chini ya ulimi!

Zamani hata wasomi waliwatupia wazazi lawama. Wendell Johnson, mtaalamu wa usemi wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, naye mwenyewe mwenye kigugumizi, aliamini kwamba mtoto hukipata kwa kukosolewa kila anapojikwaa, jambo ambalo kila mtoto hulifanya. Mwaka 1939 mwanafunzi wake Mary Tudor alikwenda kwenye kituo cha yatima katika mji wa Davenport, akawaambia baadhi ya watoto waliokuwa wakisema vizuri kwamba wameanza kugugumiza. Unyama mtupu, kwa maoni yangu. Kigugumizi chenyewe hawakukipata, ila wengine waliogopa kusema, wakajikunyata. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001, watoto wale wakiwa wazee.

Kwa hiyo hukumpa Salim kigugumizi, lakini maneno ya nyumbani yanaweza kumtia hofu juu yake. Wakataze kumwigiza, hata kwa utani. Wewe nawe acha ile "pole pole, vuta pumzi, anza upya". Najua unaisema kwa huruma, lakini yeye anasikia kwamba amekosea. Usimmalizie neno. Mtazame, ngoja afike, kisha umjibu alichosema. Wewe mwenyewe ongea taratibu (nakujua, unaongea kama cherehani), na kila siku mpe dakika chache za peke yake, bila simu na bila kaka zake kumdakia maneno.

Katika watoto wanne wanaoanza kugugumiza, kama watatu hupona, wengi hata bila tiba, na wasichana hupona zaidi kuliko wavulana. Lakini Salim ni mvulana, na ba'mkubwa wake anacho hadi leo, basi mimi nisingengoja mwaka upite. Nenda hospitali ya rufaa ukaulizie mtaalamu wa tiba ya usemi. Akianza kufumba macho, kukaza shingo au kukwepa maneno fulani, wahi zaidi. Mrekodi kwenye simu akiwa anacheza, maana mbele ya daktari anaweza kutiririka vizuri kabisa ukaonekana umezua.

Mama mkwe usibishane naye. Mpe kazi ya kumsimulia hadithi jioni, hiyo anaiweza kuliko sote.

Hela yako ya kikoba nimeshaipeleka, mhazini kaiandika daftarini. Nisalimie Baba Salim.

Shoga yako,
Mama Rehema