Hao "wananchi wenye hasira kali" wana majina

Ndugu Mhariri,

Kwa mtu aliyekaa miaka ishirini na sita katika chumba cha karani wa mahakama, kusoma gazeti kuna maudhi yake, kwa sababu jicho lililozoea hati ya mashtaka hutafuta kwanza nani, lini na wapi, na lisipoviona hukataa kuendelea. Wiki iliyopita langu lilikwama katika ukurasa wenu wa habari za mikoani, kwenye taarifa ya kijana aliyeuawa kwa mawe na marungu hapa mkoani kwetu baada ya kupigiwa kelele za mwizi. Mliandika kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", kisha aya mbili chini yake mkaandika kwamba wanaosakwa ni "watu wasiojulikana". Tukio lilitokea saa nne asubuhi, siku ya gulio. Gulio zima halikumtambua mtu hata mmoja?

Nina sababu ya kuuliza. Tangu nistaafu nimekuwa nikisoma jinsi vifo vilivyochunguzwa katika kaunti za mashambani za Kusini mwa Marekani katika karne ya 19, na nimekuta kwamba msemo huu tunaoudhani ni wetu ulikuwa umeshachakaa kule kabla reli haijafika Mwanza mwaka 1928.

Kila kaunti ilikuwa na ofisa aliyeitwa korona (msomaji asishtuke, cheo hiki kimeutangulia ule ugonjwa kwa karne nyingi, kwani Waingereza walikianzisha mwaka 1194, na mwanzoni kilimlindia mfalme mapato yake kuliko kilivyomhurumia marehemu). Mara nyingi korona wa Kusini hakuwa daktari, bali mkulima au mwenye duka aliyepigiwa kura. Habari ya maiti ilipomfikia, iwe imekutwa mtoni, shambani au kitandani, alikusanya wanaume wa jirani wakawa jopo, akawaapisha, akawapeleka mahali maiti ilipolala, kwa kuwa sheria iliwataka waione kwa macho yao wenyewe. Mashahidi walihojiwa hapohapo, na daktari akipatikana aliikagua maiti au kuipasua. Mwisho jopo liliandika marehemu ni nani, amekufa lini, wapi, kwa njia gani na kwa mkono wa nani, kisha wajumbe wakatia sahihi, na asiyejua kuandika akaweka alama yake.

Kaunti iliyonivuta zaidi ni Edgefield, katika jimbo la South Carolina, nchi ya pamba iliyovuma kwa ugomvi. Ndiko alikotoka Preston Brooks, mbunge aliyempiga Seneta Charles Sumner kwa bakora hadi akazirai, ndani ya ukumbi wa Seneti, mwaka 1856. Mtu angetarajia kumbukumbu za huko ziwe za visu na bastola tu, na kweli hizo zipo tele. Lakini katika majalada ya makorona wa jimbo lile wamo pia watoto walioshika moto mbele ya meko, walevi waliozama, waliopigwa na radi, na vichanga waliokutwa wametupwa. Palipokosekana sababu ya kuonekana, jopo liliandika kwamba marehemu amechukuliwa na Mungu. Sisi wa kandokando ya ziwa tunaielewa lugha hiyo bila mkalimani.

Korona aliitwa hata kwa maiti ya mtumwa, na kufikia mwaka 1860 watumwa walikuwa zaidi ya nusu ya watu wa Edgefield. Ila tazama jinsi uchunguzi wenyewe ulivyofungwa mikono. Kwa sheria ya South Carolina ya mwaka 1740, mzungu aliyemuua mtumwa alitozwa faini, na ni mwaka 1821 tu ndipo kumuua kwa kukusudia kulipofanywa kosa la kunyongwa. Na hata baada ya hapo, mtumwa aliyeshuhudia mwenzake akichapwa hadi kufa hakuruhusiwa kusimama mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Mwenye watumwa alichunguzwa na majirani zake wenye watumwa. Kilichotoka hapo si vigumu kukikisia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vilikwisha mwaka 1865, utumwa ukafutwa, na miongo iliyofuata ikawa miongo ya kamba na miti. Mtu mweusi alitolewa mahabusu usiku, akanyongwa mbele ya umati, na asubuhi jopo likaitwa kuitazama maiti. Likaandika kwamba amekufa mikononi mwa watu wasiojulikana. Waliyaandika hayo watu waliokuwa wakikutana na wauaji kanisani kila Jumapili, na mara nyingine aliyeshika kalamu ndiye aliyekuwa ameshika kamba.

Hata hivyo, lipo jopo moja lililokataa kuandika hivyo. Mwezi Julai 1876, katika mji mdogo wa Hamburg kando ya mto Savannah, mji uliokuwa ndani ya Edgefield hadi kaunti ya Aiken ilipoundwa mwaka 1871, mamia ya wazungu wenye silaha walikizingira kikosi cha askari wa akiba weusi, wakaleta mzinga kutoka Augusta, ng'ambo ya mto. Waliuawa watu weusi sita, baadhi yao wakiwa wameshakamatwa, na mzungu mmoja. Hakimu wa mji alikuwa Prince Rivers, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa, akatoroka wakati wa vita na kuwa sajenti katika jeshi la Kaskazini. Rivers alifungua uchunguzi wa vifo vile, na jopo likawataja wazungu 94 kuwa watuhumiwa wa mauaji.

Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Naliandika hili wazi kabla msomaji hajaniuliza, basi, faida ya uchunguzi ni nini. Matthew Butler, aliyekuwa kinara wa siku ile, aliingia Seneti mwaka uliofuata. Ben Tillman, kijana wa Edgefield aliyekuwapo pale na bunduki yake, alichaguliwa kuwa gavana mwaka 1890, akawa seneta baadaye, na mwaka 1909 alikuwa bado anajisifu jukwaani kwa kazi ya Hamburg. Rivers mwenyewe alipoteza vyeo vyake na kurudi kuendesha magari ya farasi, kazi aliyoifanya utumwani. Mwaka 1916 ulijengwa mnara wa kumbukumbu, ukaandikwa jina la yule mzungu mmoja. Lakini hadi leo hakuna awezaye kusema kwamba wauaji wa Hamburg hawakujulikana, kwa sababu yuko mtu aliyeketi na karatasi wakati damu haijakauka.

Narudi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa katika kisiwa kimoja upande wa Ukerewe kwa shughuli za kifamilia, wavuvi wa dagaa wakaopoa maiti alfajiri na kuileta mwaloni. Ilikuwa ya mvuvi waliyemfahamu wote. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Mtumbwi wake ulikutwa, mashine yake haikukutwa, na wazee waliosimama karibu nami walikuwa wakinong'ona jina la mtu aliyekuwa na deni naye. Mwili ulikuwa umeanza kuvimba, kwa hiyo kufikia adhuhuri tulishamzika. Katika daftari la kijiji, kwenye mstari wa sababu ya kifo, liliandikwa neno moja: "Maji." Mimi, karani wa mahakama, nilikuwapo, nikatupia udongo kama wengine, nikapanda boti nikarudi mjini.

MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na watu 228 wakapoteza maisha, taifa lilihesabu miili na kuuliza maswali. Anayekufa peke yake majini haulizwi. Vikongwe wetu wa Usukumani waliokatwa mapanga kwa sababu moshi wa kuni na samadi ulikuwa umeyafanya macho yao mekundu, wakaitwa wachawi, nao wengi walizikwa na hao hao "wasiojulikana", ambao asubuhi walikuwa msibani wakila wali.

Sheria tunayo. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ilitungwa mwaka 1980, na korona yumo ndani yake. Lakini katika miaka yangu yote kwenye mahakama ya wilaya sikupitisha mkononi jalada hata moja la uchunguzi wa namna hiyo. Ninaloomba kwa wahusika ni dogo: kifo cha mwaloni chenye jeraha, na kifo cha mtu aliyepigwa na umati, kichunguzwe hadharani, katika kijiji kile kile, kabla ya mazishi ikiwezekana, mashahidi waapishwe na wanakijiji wasikie. Atakayetaka kusema hakumtambua mtu, aliseme hilo kwa kiapo mbele ya jirani aliyesimama naye siku ile gulioni, na liandikwe chini ya jina lake.

Kwenu, Mhariri, ombi langu ni dogo zaidi. Habari ile ilikuwa na aya nne. Mtumeni mwandishi wenu arudi gulioni aongeze ya tano, na humo aanze na jina la marehemu, maana hata hilo halikuwamo.

Karani mstaafu wa mahakama,
Nyegezi, Mwanza