Filamu fupi isipimwe kwa futi ya filamu ndefu

Ndugu Mhariri,

Baadhi ya wachambuzi wa filamu fupi huzipima kwa kiunzi (mpangilio wa hadithi) cha mwandishi wa skripti Mmarekani Blake Snyder, chenye hatua 15 zilizopangwa kwa skripti ya kurasa 110. Wasipokiona kisa cha pembeni, ambacho ni mojawapo ya hatua hizo, wanaandika kwamba filamu ina kasoro. Hapo tunawaonea watunzi.

Snyder aliweka tukio chochezi, yaani linaloisukuma hadithi ianze, ukurasa wa 12. Katika filamu ya dakika 21 hivi, kama "Pumzi" ya Wanuri Kahiu (2009), hapo ni dakika ya pili na ushei. Kisa cha pembeni kitakaa wapi? Kinachofaa zaidi ni duara la mtunzi wa vipindi vya televisheni Dan Harmon, lenye hatua nane: mhusika yuko kwake, anahitaji kitu, anavuka mpaka, anatafuta, anapata, analipa gharama, anarudi, amebadilika.

Ukitaka kuchambua filamu kwa duara hilo, itazame mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, kwa kila onyesho andika mambo matatu: nani anataka nini, nini kinamzuia, nini kimebadilika. Hilo la tatu likikosekana, onyesho hilo usilipangie hatua yoyote. Wengi huteleza kwa kuchanganya tukio na uamuzi. Katika "Pumzi", mhusika mkuu Asha kuletewa udongo ni tukio, hakulichagua. Kuipanda mbegu katika udongo huo ni uamuzi wake. Kunyimwa ruhusa ya kutoka nje ya makazi yao ni kizuizi, na mpaka anauvuka pale anapotoroka kwenda jangwani.

Ugumu uko kwenye hatua ya saba, maana Asha harudi. Anaupa mche maji yake ya mwisho, anaukinga jua kwa mwili wake, na safari yake inaishia hapo hapo. Mwenye haraka atasema hadithi haikukamilika. Sisi tunaona imekamilika kabisa: watu wake walikuwa wakisafisha jasho na mkojo wapate maji ya kunywa, na sasa mti umeota kwa gharama ya uhai wake. Hatua ya sita imeimeza ya saba, na anayebadilika katika ya nane ni ardhi yenyewe. Kiunzi kikikataa kuingia, andika kimekataa wapi na mtunzi ameweka nini mahali pake.

Tunaomba waandishi wa safu yako ya filamu wataje urefu wa filamu na kiunzi walichotumia, ili msomaji aweze kuipima upya mwenyewe.

Wakufunzi wa uandishi wa skripti,
Mombasa