Staffordshire Bull Terrier si mbwa wa kulinda geti

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie mbwa wenye misuli ambao siku hizi wanatangazwa mitandaoni kwa jina moja tu la "pit bull", ilhali miongoni mwao wamo Staffordshire Bull Terrier, mbwa wafupi wenye kifua kipana na mashavu yaliyojaa. Mnunuzi huhakikishiwa kwamba amepata mlinzi mkali wa nyumba. Maelezo hayo yanampotosha mnunuzi na kumtesa mbwa, na anayeijua asili ya mbwa huyu ataona kwa nini.

Kwa karne nyingi Waingereza walijiburudisha kwa kuwaachia mbwa fahali au dubu aliyefungwa kwenye nguzo. Sheria ya mwaka 1835 ilipoupiga marufuku mchezo huo, wacheza kamari waligeukia kupiganisha mbwa kwa mbwa, kwa kuwa pambano la namna hiyo lilikuwa rahisi kufichwa, na ndipo damu ya buldogi wa zamani, aliyekuwa na nguvu za taya, ilipozidi kuchanganywa na ya terria, mbwa mdogo wa kuwinda aliyekuwa mwepesi na mkaidi. Katika miaka ya 1860 James Hinks wa Birmingham aliutumia mchanganyiko huo kuzalisha Bull Terrier mweupe aliyependwa na watu wa tabaka la juu. Mbwa wa wachimba makaa ya mawe na wafua minyororo wa Black Country, magharibi mwa mji huo, walibaki bila kutambuliwa hadi mwaka 1935, wapenzi wao walipoanzisha chama katika baa ya Cross Guns huko Cradley Heath, na Klabu ya Mbwa ya Uingereza ikawakubali rasmi.

Historia hiyo ya kikatili ndiyo inayoeleza tabia yake. Ulingoni mwenye mbwa alisimama karibu naye na kumnyanyua kwa mikono yake wakati damu ikiwa bado inachemka, hivyo mbwa aliyewageukia watu hakuwafaa. Kwa sababu hiyo Staffordshire aliyelelewa vizuri huwapenda mno binadamu, watoto hasa, na mgeni akiingia uani huenda akamkimbilia, akamwegemea miguuni huku mwili mzima ukitikisika kwa furaha. Kwa mbwa wenzake mambo ni tofauti: anaweza kuwa mgomvi, na akishaingia vitani haachi kirahisi, kwa hiyo lazima azoeshwe mbwa wengine tangu mdogo na atembezwe kwa kamba. Isitoshe, dume wa kawaida hazidi kilo 17 na kimo chake ni kama sentimita 40.

Inaniuma kuona mbwa anayeishi kwa kuwa karibu na watu akifungwa mnyororo mfupi nyuma ya nyumba mchana kutwa, manyoya ya shingo yakiwa yamekwisha kwa kusuguliwa, eti ili awe mkali. Kinachopatikana ni mnyama mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata bila kuchagua.

Kuchanganya majina nako kuna madhara. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne za mbwa, pit bull akiwemo, na tangu Februari 2024 huko England na Wales ni kosa kumiliki XL Bully, mbwa mwingine mkubwa mwenye misuli, bila kibali maalumu, lakini Staffordshire hajawahi kuwekwa katika orodha hiyo.

Ninawaomba wauzaji wataje aina halisi ya mbwa wao, wamruhusu mnunuzi amwone mama wa watoto wa mbwa wanaouzwa na jinsi anavyowapokea watu, na waonyeshe vipimo vya vinasaba vya mtoto wa jicho wa kurithi na vya L-2-HGA, ugonjwa wa ubongo unaowapata mbwa hawa. Anayetaka mlinzi wa usiku aambiwe mapema kwamba atafute mbwa wa aina nyingine.

Msomaji wako,
Dodoma