Ukipangiwa nyeusi: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Uliniambia kwenye simu kwamba kwenye klabu ya sataranji wakikupangia kete nyeusi unajiona umeshafungwa kabla hujakaa. Haya, toa ubao, ufuate mchezo huu wa mwaka 1890 uliochezwa Hostouň, Bohemia, Ucheki ya leo. Nyeusi ni Karel Traxler, Mcheki, padri na mtunzi wa mafumbo ya sataranji. Nyeupe ni Reinisch.

Mwanzo unaujua (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa kulala): vitunda, zile kete ndogo, e4 na e5, farasi f3 na c6, tembo c4, farasi f6. Nyeupe akarusha farasi g5, macho yote f7. Hapo wewe husukuma kitunda d5 kumzibia tembo njia, na ndivyo wafanyavyo wengi. Traxler akatoa tembo c5, f7 akaiacha wazi vilevile!

Farasi akala f7, akawashika malkia na ngome kwa pamoja. Traxler wala hakuhangaika na malkia wake. Tembo akala f2, cheki, yaani mfalme katishiwa. Mfalme e2, farasi d4, cheki tena, mfalme akapanda d3, katikati ya ubao, mahali pa kumtembeza mfalme mwishoni tu, kete zikiwa zimepungua. Kikaja kitunda b5, tembo akarudi b3, farasi mweusi akala e4, na Reinisch akamla malkia d8.

Kuanzia hapo kila hatua ya nyeusi ni cheki, hadi ya 17. Farasi wote wawili wakatolewa chambo, mfalme akaburuzwa hadi a5, kisha b4, na aliyemmaliza ni kitunda kilichotoka c7 kwenda c5 huku tembo wa d4 akikilinda. Itazame ngome ya a8: haikusogea hata mara moja, na ndiyo iliyomfungia mfalme mstari wote wa a. Mimi hilo ndilo linalonifurahisha kuliko malkia aliyetolewa.

Lakini usikurupuke kuucheza Jumamosi. Anayeujua mtego huu hali f7 kwa farasi. Anakula kwa tembo, tena kwa cheki. Mfalme wako atakwenda e7, hutaweza tena kumficha pembeni pamoja na ngome, na kitunda kimoja kimekwenda. Mashambulizi bado unayo, ila uyajue kwa kichwa.

Ukija likizo tutaanzia hapo. Nyeupe nachukua mimi, na nitakula kwa tembo.

Baba yako