Wazee wa Kihadzabe wapewe nafasi ya kufundisha chuo kikuu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo vikuu vyetu na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Mimi ni Mwiraqw, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi wilayani Mbulu. Kwa miaka mingi darasani kwangu walikuwamo watoto wa Kihadzabe walioletwa bweni kutoka kambi za bonde la Yaeda. Ninachoomba ni hiki: lugha, historia na utamaduni wa Wahadzabe vifundishwe chuo kikuu hapa nchini, na wanaofundisha wawe wazee wao wenyewe, kwa mkataba na kwa malipo, hata kama hawana cheti cha darasa la saba.

Wahadzabe ni watu elfu moja na mia chache tu, wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma vyakula vya porini kuzunguka Ziwa Eyasi. Lugha yao ina vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi mdomoni, na wataalamu hawajathibitisha undugu wake na lugha nyingine yoyote duniani. Hata Kisandawe cha kule Chemba, ambacho nacho kina vidoko, hakijaonekana kuwa ndugu yake. Ikipotea Yaeda na Mang'ola, kando ya ziwa hilo, hakuna mahali pengine pa kwenda kuitafuta. Hapa kwetu Mbulu, lugha ya Kikw'adza ilishazimika, na leo hakuna mtoto anayeweza kusalimia kwa lugha hiyo.

Cha ajabu ni kwamba Wahadzabe ni miongoni mwa watu waliochunguzwa sana na wanasayansi. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alikusanya hadithi zao miaka ya 1930, zikachapishwa kwa Kijerumani. Mwingereza James Woodburn alianza kuishi nao na kuandika habari zao mwishoni mwa miaka ya 1950. Karne hii wamepimwa nguvu ambayo mwili hutumia kwa siku, wamevishwa vifaa vya kupima usingizi, hata kinyesi chao kimepelekwa maabara za Ulaya kuchunguzwa vijidudu vya tumboni. Wapo waliopata shahada za uzamivu na uprofesa kwa kazi hiyo. Mzee aliyewaonyesha njia, akawatajia majina ya miti na kuwasimulia habari za mababu usiku kucha, huitwa msaidizi wa utafiti, na mgeni akiondoka, ajira ya mzee nayo inakwisha.

Kijana mmoja niliyemfundisha alifika chuo kikuu akasoma isimu, yaani taaluma ya lugha. Tulifurahi mno, maana wanaofika huko kutoka kambi zile ni wa kuhesabu. Alipoandika kazi ya darasani kuhusu majina ya wanyama katika lugha yake, alirudishiwa kwa kuwa chanzo chake kilikuwa babu yake. Aliambiwa atafute chanzo kilichochapishwa. Akakaa maktaba akisoma Kiingereza cha mtafiti wa nje aliyewahi kupiga hema katika kambi ya ukoo ule ule, akamnukuu yeye, na kazi ikapokelewa. Aliponisimulia nilishindwa kumjibu. Simlaumu mhadhiri wake, kwani kanuni ndivyo zilivyo. Basi kanuni hizo ndizo ninazotaka zizungumzwe.

Anayedhani mzee wa porini hana la kufundisha kwa mihula miwili mitatu, aende akae naye. Mnyama akiwa hai Mhadzabe humwita kwa jina moja, na akishauawa hutangazwa kambini kwa jina jingine kabisa. Historia yao wameigawa katika zama nne, kuanzia watu wa mwanzo waliolala chini ya miti bila moto wala zana, na kila zama ina watu wake na mambo yake. Wanajua kuzungumza kwa mluzi na yule ndege anayeongoza watu kwenye asali. Akina mama wanatambua mizizi ya kuliwa iliyo chini ya ardhi kavu kwa kutazama mmea unaotambaa juu yake, na wanawafundisha mabinti kwa jembe la mti mkononi. Hayo ni masomo ya botania, historia na isimu, na wenye kuyajua kwa ukamilifu wanazeeka.

Kuna historia nyingine ambayo wanafunzi wa sheria na siasa wangepaswa kuisikia kutoka kwao. Serikali ya Mwingereza ilijaribu kuwahamishia kwenye makazi ya kilimo mwaka 1927 na tena 1939. Serikali yetu huru nayo ikajaribu mwaka 1965. Kila mara maradhi ya msongamano yaliwaandama na chakula cha msaada kikaisha, nao wakarudi porini. Mwaka 2011, baada ya kuona ardhi ikimegwa na wakulima na wafugaji, sisi Wairaqw tukiwamo, walipata hatimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000 katika bonde la Yaeda. Jambo hilo ni kubwa katika historia ya ardhi nchini, na waliolipigania wengi bado wako hai.

Nisieleweke vibaya. Siyo kila kitu kiingie darasani. Epeme, ngoma yao takatifu inayochezwa gizani usiku usio na mwezi, na nyama ambayo ni ya wanaume waliokwisha kupita hatua fulani tu, ni mambo ya wenyewe. Wazee ndio wawe na neno la mwisho juu ya kinachofundishwa, kinachorekodiwa na kinachobaki kambini. Wakisema hapana, chuo kinyamaze.

Nitaulizwa kama inawezekana mtu asiye na cheti akafundisha chuoni. Ilishawezekana. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyekulia kwenye kuchunga ng'ombe, alifundisha muziki Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na ala zake, zeze na ilimba, zilimfikisha kwenye majukwaa ya dunia. Hakuna aliyesema kiwango cha chuo kimeshuka. Wasami wa kaskazini mwa Norway nao tangu mwaka 1989 wana chuo chao Kautokeino, na masomo yanafundishwa kwa Kisami.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza lugha za jamii zetu zitafitiwe, ziandikwe na kuhifadhiwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya kazi ya kusifiwa katika Mradi wa Lugha za Tanzania, kikatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Tunao basi msingi na wataalamu. Wana-isimu wetu wakae na mzee na bibi wa Kihadzabe katika meza moja, wapange kozi pamoja, na sehemu ya masomo ifanyike Yaeda kwenyewe, kwa sababu huwezi kufundisha mizizi kwenye ukumbi wa mihadhara wa Dar es Salaam.

Kuhusu fedha, watafiti wa nje hulipia vibali vyao Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Sehemu ya ada za wanaokwenda kwa Wahadzabe iwalipe wazee hao mishahara. Na vijana wa Kihadzabe waliofika kidato cha sita wapewe nafasi za kwanza katika kozi hiyo.

Naiomba TCU inijibu kupitia ukurasa huu: je, mzee wa Yaeda asiye na cheti anaweza kupewa mkataba wa kufundisha chuo kikuu? Kama hawezi, ni kanuni ipi inayozuia, na nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha?

Mwalimu mstaafu,
Mbulu, Manyara.