Kwa wakubwa wa maskani: mwacheni mtoto

Wanangu,

Juzi baada ya alasiri nilipita maskani kwenu hapo Majengo, nikamkuta mtoto wa miaka 14 shavu limemtuna kwa muguka, yale majani ya kulevya yanayotafunwa kama miraa, jojo mkononi, sare ya shule hajavua. Mmoja wenu akaniambia, "Mzee, si majani tu?" Niliondoka kimya kwa kuwa mkono ulikuwa ukiniwasha. Leo najibu.

Mimi ni fundi umeme. Nyaya hupitishwa ukutani kabla ya plasta. Ukikosea hapo, utakuja kuvunja ukuta. Ubongo nao bado unafungwa nyaya. Neva huvikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, kama mpira juu ya shaba, ndipo ujumbe ukapita mbio. Kazi hiyo haiishi mtu akibaleghe. Huendelea hadi miaka 25 hivi, na sehemu ya mwisho kukamilika ni ya mbele, nyuma ya paji la uso, penye breki. Tamaa huwaka mapema. Kwenye "basi, yatosha" mafundi bado wamo ndani.

Sasa nyinyi mnampa muguka. Una kathinoni, kemikali ya kusisimua, ndugu yake amfetamini, inayomwaga dopamini, kemikali ya ubongo ya kutamani, na ubongo unajifunza: hili lirudiwe. Wewe wa miaka 30 unachezea nyumba iliyokwisha. Yeye mnamchezea na nyaya ziko nje! Halafu mnamcheka akishindwa kuacha.

Bangi, bugizi za vidonge, unga wa heroini, sitaki hata kuanza. Wenzenu mmewazika wenyewe. Na dada mwenye mimba ajue unga hupita kwenye kondo la nyuma, mtoto akazaliwa anatetemeka kwa arosto, mwili ukidai unga.

Wakubwa wa nchi nao! Mei 2024 kaunti yetu ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha marufuku, na kibanda cha karibu na madrasa sikukiona kikifungwa hata siku moja. Sisi wazee ndio usiseme: harusini tunatafuna mairungi, yaani miraa, mpaka alfajiri, watoto wakitutumikia maji.

Mamake yule mtoto ananiambia usiku halali, chakula hagusi, darasani anasinzia. Nimemnunulia bisibisi na testa. Jumamosi tuna nyumba ya kufunga nyaya Tudor. Nawapenda, wanangu, lakini atakayempitia asubuhi hiyo atanikuta mimi mlangoni.

Mzee wenu, fundi